Nanjamonja: Mmea Ulioitangulia Milima

Lugha yetu si maskini wa majina. Tunda la mnazi pekee tumelipa jina kwa kila umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, hata likawa nazi. Pepo nazo kila moja ina lake, na baharia hawezi kuchanganya kusi na kaskazi. Lakini mwulize mtu wa pwani jina la yale majani madogo mno, laini, ya kijani, yanayotanda kama busati juu ya ukuta unaotota maji wakati wa masika, au kando ya birika la msikiti mahali pasipopigwa na jua. Mmoja atakwambia ni ukoga, wa pili atasema ni ukungu, na wa tatu atachukua ufagio ayakwangue.

Kamusi imetupa neno moja, nalo ni kuvumwani. Ni neno lenye sauti nzuri, ila ukilipasua katikati utaona limekosea pande zote mbili. Mmea huu si kuvu, kwani kuvu hula vilivyooza, ilhali huu hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua kama mwembe na mkungu. Wala si mwani, kwani mwani makao yake ni majini, na huu umekaa nchi kavu tangu zamani za kale. Una shina na una majani, japo ni madogo ya kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Mizizi ya kweli hauna; maji huyanywa kwa mwili wake wote. Hauna ua wala mbegu. Huzaa kwa chembe laini kama unga, ziitwazo spora, ambazo hupeperushwa na upepo. Aina za kuvumwani duniani zinakadiriwa kuwa yapata 12,000.

Nimeanza na jina kwa sababu habari ninayomletea msomaji leo ni ya kuvumwani mmoja aliyewasumbua wataalamu kwa jina lake kwa muda wa zaidi ya miaka mia, na ambaye sasa, alipokwisha kujulikana ni nani, ameanza kutoweka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa Kijapani, Noriwo Takaki, alikuwa akikusanya mimea midogo katika milima mirefu ya nchi yake. Katika aliyoyachuma palikuwa na kimea kimoja kifupi, urefu wake sentimita moja au zaidi kidogo, ambacho majani yake hayakufanana na jani lolote alilolijua. Jani la kuvumwani kwa desturi ni bapa na jembamba, kama ulimi mdogo. Haya yalikuwa ya mviringo kama vidole, kila jani limegawanyika mara mbili au zaidi tangu kwenye shina. Wenzake walipokitazama wakashangaa. Wajapani wakakipa jina la nanjamonja-goke. Goke ni kuvumwani, na hiyo nanjamonja ni msemo wa mtu aliyeduwaa, kama sisi tunavyosema, "Hiki tena ni kitu gani?"

Mwaka 1958 wataalamu wawili, Hattori na Inoue, walikitangaza rasmi kwa wanasayansi na kukiita Takakia, kwa heshima ya huyo aliyekiokota. Halafu ikagunduliwa kwamba Takakia ana ndugu. Mwingereza William Mitten alikuwa amekwisha kumwandika tangu mwaka 1861, kutoka milima ya Himalaya, ila alimtia katika ukoo usio wake. Mwaka 1963 ndipo naye alipohamishiwa nyumba ya Takakia. Hadi leo jamii hii ina watu wawili tu: wa Mjapani, aitwaye Takakia lepidozioides, na wa Mitten, aitwaye Takakia ceratophylla.

Hata hivyo, nyumba yenyewe ilikuwa bado haijulikani iko mtaa gani. Wengi waliuweka mmea huu pamoja na kundi jingine la mimea midogo, ambalo Wazungu waliliita kwa jina la ini, kwa kuwa baadhi yake ina umbo kama la ini la mnyama. Ugumu ulikuwa huu: mimea kama hii hutambuliwa kwa viungo vyake vya uzazi, hasa kile kifuko kinachobeba spora, na Takakia hakuna aliyewahi kumwona akiwa na kifuko. Aliishi kwa kumeguka vipande, na kila kipande kikamea. Ilikuwa ni kama kumpata mtu njiani asiyetaja baba wala mama, kila kabila likasema si wetu.

Jawabu lilitoka kwenye visiwa vya Aleutian, vilivyojipanga mfano wa shanga kutoka Alaska kuelekea Asia, kwenye ukungu na baridi isiyokwisha. Huko, mwaka 1990, ilipatikana Takakia ceratophylla yenye viungo vya kiume na vifuko vya spora. Smith na Davison walipoeleza habari hizo mwaka 1993, shauri likakatika: Takakia ni kuvumwani. Lakini ni kuvumwani wa tawi lake peke yake, lililojitenga na wenzake mapema mno. Kifuko chake hufunguka kwa mpasuko mmoja unaozunguka kama parafujo, jambo ambalo ni geni kabisa kwa wengine.

Basi kilichoonekana kama kitoto kilichopotea njia, kumbe ni babu. Mwezi wa Agosti mwaka 2023, kundi kubwa la wataalamu lililoongozwa na Yikun He wa Beijing na Ralf Reski wa Freiburg, Ujerumani, lilichapisha katika jarida liitwalo Cell matokeo ya kuisoma hati yote ya urithi ya Takakia lepidozioides, yaani zile jeni ambazo kila kiumbe huzipokea kwa wazazi wake. Wanasema ukoo wa Takakia una umri wa miaka milioni 390. Milima ya Himalaya, tunayoifikiria kuwa ndiyo ukale wenyewe, ilianza kuinuka yapata miaka milioni 65 iliyopita. Naomba msomaji azipime hesabu hizo mbili. Takakia alikuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 300 kabla ya jabali la kwanza la Himalaya kuinua kichwa. Mlima ndio uliomkuta yeye, ukambeba mgongoni, ukapanda naye polepole mpaka kwenye theluji.

Anakokaa sasa huko Tibet ni juu ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa miezi minane ya mwaka hulala chini ya theluji. Katika miezi minne iliyobaki hutoka kwenye mwanga mkali wa jua la mlimani, ambako miale isiyoonekana kwa macho, ile inayochoma ngozi, ni mikali kuliko huku kwetu. Siku moja inaweza kuwa na theluji, mvua na jua kali kwa zamu. Mmea mwingine ungekufa mara mia. Takakia amejifunza kurekebisha madhara ya miale hiyo ndani ya mwili wake, na amejifunza kukua kwa namna yoyote mahali palivyo.

Na hapa pana ajabu iliyowashughulisha sana wataalamu. Katika Mongolia ya Ndani, nchini China, yamepatikana mabaki ya mimea iliyogeuka jiwe, yenye umri wa miaka milioni 165, nayo umbo lake linafanana na Takakia wa leo. Maana yake ni kwamba kwa nje amebaki vilevile kwa muda usiokadirika. Lakini walipomchungulia kwa ndani waliona mambo mengine: ana idadi kubwa ya jeni zinazobadilika kwa kasi, kubwa kuliko mmea mwingine wowote uliopata kujulikana. Yaani mzee huyu, kwa nje kanzu ni ile ile, lakini ndani hajaacha kushona na kushonoa hata siku moja. Hivyo ndivyo alivyoweza kuifuata milima ilipokuwa ikipanda.

Kama habari ingekomea hapo, ingekuwa hadithi ya kufurahisha na kumtukuza Muumba wa vidogo na vikubwa. Haikukomea hapo.

Kati ya mwaka 2010 na 2021 wataalamu hao walirudi safari baada ya safari kwenye mto wa barafu wa Gawalong, huko Tibet, wakapima mahali Takakia anapoota na kuandika joto la kila siku. Walipanda kwa taabu, kwani penye hewa nyepesi namna ile hata kufunga kamba ya kiatu humchosha mtu. Walichokiona ni kwamba joto linapanda, barafu inarudi nyuma, na eneo lililofunikwa na Takakia linapungua kwa asilimia 1.6 kila mwaka. Aina nyingine nne za kuvumwani walizozipima mahali hapo hazikupungua kwa kiasi hicho.

Mtu anaweza kusema asilimia moja na nukta sita ni kitu gani. Mfanyabiashara yeyote wa Biashara Street hawezi kusema hivyo. Mwenye duka akipoteza kila mwaka shilingi moja na senti sitini katika kila shilingi mia ya mtaji wake, na asirudishe, katika miaka 43 hivi nusu ya duka imekwenda. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kipimo kilipoanza atayashuhudia hayo kabla hajawa mzee. Na sisi tunazungumzia mali iliyowekwa akiba kwa miaka milioni 390.

Watafiti hao walikwenda mbele wakakisia hali ya mwisho wa karne hii. Joto likiendelea hivi, wasema, mahali panapomfaa Takakia duniani pote patabaki kilomita za mraba kati ya 1,000 na 1,500 tu, tena si mahali pamoja bali vipande vipande, kilele hapa na kilele kule.

Hapo msomaji atauliza swali la haki. Aliyestahimili milima kuinuka na enzi za barafu kuja na kwenda, itakuwaje ashindwe na joto kidogo? Jawabu limo katika neno moja, nalo ni muda. Himalaya ilipanda kwa mwendo wa polepole kuliko hata kucha la mtu linavyokua. Takakia alikuwa na mamilioni ya miaka ya kujirekebisha, kizazi kwa kizazi. Joto la sasa limekuja kwa umri wa mtu mmoja. Mwendo wa jeni zake ulikuwa wa kasi kwa kuilinganisha na mimea mingine, lakini si kasi ya moshi wa viwanda na magari yetu. Isitoshe, kiumbe aliye bondeni akiona joto hupanda juu. Aliye kileleni apande wapi? Na tumekwisha kuona kwamba kuzaa kwake kwa spora ni kwa nadra mno. Akimeguka kipande, kipande hicho ni nakala yake mwenyewe na hakiendi mbali.

Mdogo wa majabali, wewe mkongwe wa zama,
Umestahimili kali, ya theluji na zahama,
Leo joto halijali, nawe huna pa kuhama,
Nani atakusaili, siku ukija kuzama?

Swali hilo la mwisho halikuulizwa kwa ajili ya vina pekee. Liko Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, lijulikanalo kwa herufi IUCN, ambalo huweka daftari liitwalo Orodha Nyekundu. Humo viumbe hupangwa kwa madaraja kama wagonjwa hospitalini: walio mahututi, walio katika hatari kubwa, kisha walio hatarini, na kuendelea. Takakia ceratophylla, yule ndugu wa Mitten, amewekwa katika daraja hilo la tatu, la walio hatarini. Kuwamo daftarini ni jambo jema, maana mgonjwa aliyeandikishwa ndiye anayeitwa jina lake. Lakini katika aina zile 12,000 za kuvumwani, ni sehemu ndogo tu iliyokwisha kupimwa na kuandikwa kwa ajili ya dunia nzima. Tembo, kifaru na simba wana watu wa kuwahesabu kwa ndege na magari. Kuvumwani lazima ahesabiwe na mtu aliyepiga magoti, kioo mkononi, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Mahali walipopiga magoti wakahesabu vizuri, matokeo hayakuwa ya kufurahisha. Ulaya, ambako mimea hii imechunguzwa kwa muda mrefu kuliko kwingine, ilitoa orodha yake mwaka 2019. Katika aina 1,817 za kuvumwani na jamaa zake wa karibu, ilionekana kwamba zaidi ya moja katika kila tano zimo katika hatari ya kutoweka.

Je, hakuna la kufanywa? Liko, na limekwisha kuanzwa. Wataalamu wale wa Takakia walichukua baadhi ya mimea, wakaiotesha kwa wingi katika maabara, kisha wakairudisha Tibet na kuipanda kwenye viwanja vya majaribio walivyovichagua. Baada ya kuiangalia kwa miaka mitano, waliona kwamba baadhi yake imeshika na inasitawi. Ni habari ya kutia moyo. Lakini kila mkulima anajua kwamba kuhamisha mche si kuhamisha mvua. Maabara inaweza kumweka Takakia hai kama vile mtu anavyoweza kumweka samaki katika chupa. Mahali pake pa kuishi hapana wa kupajenga, na dawa ya pale ni kupunguza moshi unaoipasha dunia joto, kazi ambayo si ya mtaalamu mmoja wala ya nchi moja.

Kuna atakayesema: sisi tuko pwani, theluji tunaiona katika picha, kuvumwani wa Tibet atuhusu nini? Nami nitamjibu kwa maji anayokunywa. Sehemu ya maji ya Mombasa huja kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, na maji ya Mzima asili yake ni Milima ya Chyulu, ambako mvua na ukungu hutiririka ndani ya mawe ya volkeno mpaka yakatokea bondeni. Huko juu kuna misitu ya ukungu ambayo miti yake imevikwa kuvumwani kwenye mashina na matawi. Kuvumwani huyo hunyonya ukungu unapopita, akaushika kama sifongo, akaudondosha taratibu. Hakuna anayemlipa, wala jina lake halimo katika hati ya bili.

Na katika nchi za baridi, jamaa yake aitwaye Sphagnum amefanya kazi kubwa zaidi. Huota kwenye vinamasi, hufa asioze, akajilundika tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Vinamasi vya namna hiyo vimechukua kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake ni nyingi kuliko iliyomo katika miti ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Vikikauka au kuchomwa, kaboni hiyo hutoka ikaja kulipasha joto bahari letu sisi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza huyo huyo Sphagnum alikaushwa akafungwa kwenye vidonda vya askari pamba ilipoadimika.

Tena joto linalomfukuza Takakia kileleni tumekwisha kuonana nalo. Mwaka 1998 maji ya bahari yetu yalipata moto kupita kiasi, na matumbawe kutoka Kiunga hadi Kisite yakageuka meupe kama mifupa, mengi yakafa. Wavuvi wanaukumbuka mwaka ule. Tumbawe ni kiumbe mdogo aliyejenga mwamba mkubwa. Naye, kama Takakia, ana kiwango cha joto anachokiweza, na kikizidi kidogo hana mahali pa kukimbilia. Mmoja yuko chini kabisa na mwingine juu kabisa, na adui wao ni mmoja.

Kilicho kidogo kisidharauliwe. Tuna mazoea ya kuvilinda vikubwa kwa kuwa vinatutisha au vinatuletea watalii. Vidogo tunaviachia ufagio. Lakini huyu mdogo amebeba habari ambayo hakuna maktaba iliyo nayo: namna ya kustahimili dunia inapobadilika. Ameiandika ndani ya mwili wake kwa miaka milioni 390, na wanadamu ndio kwanza wameanza kuisoma mwaka 2023. Itakuwa msiba wa ajabu kama kitabu kitateketea siku ile ile msomaji alipokifungua ukurasa wa kwanza.

Kwetu huku kazi ya kuanzia si nzito. Walimu wawapeleke watoto ukutani na kwenye mashina ya mikwaju baada ya mvua, wawape kioo cha kukuzia, wawaonyeshe shina, jani na kifuko. Wenye ujuzi wa lugha nao wakae watutafutie majina, kwani aina hizi zote kuzibebesha neno moja, tena lililokosea nusu zote mbili, ni aibu kwa lugha iliyoupa kila umri wa nazi jina lake. Wajapani hawakukijua walichokiona, lakini hawakukipita kimya. Walikisimamia, wakauliza ni kitu gani, na swali lenyewe likawa jina. Kwa jina hilo kimetafutwa, kimehesabiwa, na sasa kinatetewa. Kisicho na jina hufa bila matanga.